Paji la Baba

Dada fundi cherehani wa mtaani kwetu hapa Kahama hajawahi kuvua kilemba mbele ya mtu. Anakishusha mpaka kwenye nyusi, na akitaka kucheka hukishika kwanza kwa vidole vyake virefu, kana kwamba kicheko kitakipeperusha. Basi mwenzenu nilishangaa kule Ushetu, siku ya kuwanyoa wafiwa wa mzee mmoja mkulima wa tumbaku, nilipomwona fundi anaketi kwenye mkeka wa mabinti wa marehemu na kukifungua kilemba. Shangazi yao alipitisha wembe, mkono ukagota: kovu lilikatiza kwenye nywele, sikio hadi sikio. Yesu wangu!

“Nini hiki?”

“Daktari, shangazi. Huko Thailand. Alinichonga mfupa wa paji, nipate uso wa kike.” Sauti ile ile ya chini anayotajia vipimo. “Nilikuwa na paji la baba.”

Paji la marehemu tulilijua, lilitokeza juu ya macho kama kibaraza. Shangazi analo vilevile. Akajipapasa. “Kaka alikuwa na mtoto mmoja wa kiume,” akasema taratibu. “Aliondoka, hakurudi.”

Fundi aliinamisha kichwa. Shangazi akalowesha wembe upya.

“Tulia, binti yangu. Umeshakatwa vya kutosha.”