Nilivyomtanguliza Mkwe Kwenye Njia ya Panya

Mkasa huu nisingeusimulia kwa hiari yangu, ila pale Kibaigwa unasimuliwa na watu ambao hata kompyuta hawajui inawashiwa wapi, tena kila mmoja anatia chumvi yake, kwa hiyo nimeona bora niuseme mwenyewe ulivyokuwa, mkinicheka mnicheke kwa haki.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Dodoma mjini, na nikitoka kazini huwa nacheza mchezo mmoja wa mtandaoni wa meli za angani, ule ambao watu wa dunia nzima wanakuwa humo kwa pamoja, wanachimba madini, wanauziana, wanasafirisha mizigo, na wengine (hao ndio wengi) wanawavizia wasafirishaji. Kazi yangu humo ni kutafuta njia. Angani kuna matundu yanayofunguka yenyewe, ukiingia hapa unatokea mbali sana, mahali ambapo kwa njia ya kawaida ungesafiri jioni nzima ukikatiza kwenye majambazi, na sisi wachezaji wa Dodoma tunayaita njia za panya. Kuyapata si rahisi, unarusha vyombo vyako vya kupimia, unavisogeza kidogo kidogo mpaka alama itulie, halafu unalisogelea tundu na kulisoma, maana kila tundu lina maelezo yake: linaelekea wapi, limebakiza muda gani, limechoka kiasi gani. Hapo kwenye kuchoka ndipo pa kuweka akili. Kila meli inayopita inalichosha tundu kwa uzito wake, na likizidiwa linajifunga, sasa wewe uliyebaki upande usio wako, pole yako. Ndiyo maana mtafuta njia anatangulia na mzito anapita mwisho, kwa sababu wa mwisho hata tundu likijifunga nyuma yake hana hasara, wenzake wote wako mbele.

Hayo nayajua hata nikiwa usingizini. Sasa sikilizeni nilichofanya.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa kina Mwanaidi. Mwanaidi ni muuguzi, kazi yake iko Mvumi, lakini kwao ni Kibaigwa, ambako baba yake, Mzee Shabani, mtu wa Kondoa, alikuwa dalali wa mahindi mpaka nyonga ikamkatalia kusimama sokoni juani. Kijana wake mkubwa akamletea kompyuta asikae bure. Mzee akaukuta mchezo wetu, akakuta una soko, una bei za kupanda na kushuka, una mizigo ya kuhamisha, basi akarudi kazini. Haukupita muda akawa na meli ya mizigo kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuiona kwa Mtanzania, na akaipa jina la mkewe, Mama Mwanaidi.

Barua yetu ilikaa kwake, jibu hakuna, mshenga wangu akipiga simu anapewa habari za mvua. Mimi usingizi ulianza kunipungua. Siku moja mzee akanipigia mwenyewe.

"Nasikia wewe ndiye bingwa wa hizo njia za panya," akasema. "Njoo Jumapili ule chakula, halafu univushe na mzigo wangu. Na lile jambo lenu nitalisema siku hiyo hiyo."

Nikaenda na zabibu, nikiwa nimenyoosha shati mpaka kola. Nikamkuta mzee sebuleni, kompyuta yake imeunganishwa kwenye televisheni kubwa ili watu waone, na pembeni yake amekaa rafiki yake, Mzee Chilewa, Mgogo mmoja dalali mwenzake wa zamani, ambaye alikuja kushuhudia biashara ya angani inavyofanyika. Nikatoa shikamoo zangu zote. Tukala wali na kuku, Mwanaidi akiingia na kutoka bila kunitazama, inavyotakiwa. Kisha nikafungua kompyuta yangu ndogo kwenye stuli, nikavaa hedfoni, nikawaita wenzangu wawili waliokuwa Dodoma na vimeli vyao vidogo, mkubwa wao akiwa Frenk, na msafara ukawa umekamilika.

Tundu nililipata mapema tu, na mzee akalisogelea. Nikalisoma. Limechoka. Lilikuwa bado linapitika, lakini si la kuchezea, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusema sentensi moja: natangulia mimi, vijana wanafuata, mzee utapita mwisho kwa sababu wewe ni mzito.

Hiyo sentensi haikutoka. Hebu jiwekeni mahali pangu. Unamwambiaje mtu ambaye barua yako iko mkononi mwake, mbele ya rafiki yake, chini ya paa lake, kwamba yeye ni mzito akae nyuma ya watoto? Mimi nimelelewa kwamba mkwe hata mlango wa kawaida humtangulii, unasimama pembeni, unatazama chini, anapita.

"Haya kiongozi," mzee akauliza, "nani anaanza?"

"Tangulia wewe, mzee," nikasema. "Sisi tuko nyuma yako."

Frenk akaanza kunifokea masikioni: "Kaka, unafanya nini? Tundu limechoka hilo, mzito mwisho!" Nikajibu "naam, naam, sawa," kwa sauti ya mtu anayepongezwa, kisha nikavua hedfoni nikazining'iniza shingoni, nisimsikie. (Kumtanguliza mzee ilikuwa haya. Kuvua hedfoni ulikuwa ujinga, na huo sina wa kumsingizia.)

Mzee akapita. Televisheni ikawa nyeupe, kisha nyota ngeni zikatokea, na Mzee Chilewa akapiga makofi. Mimi kwenye kioo changu nikaona tundu linasinyaa, linakuwa dogo, halipo.

"Nimefika," mzee akasema. "Mko wapi?"

"Tunakuja, mzee."

Tunakuja wapi? Upande ule ni anga lisilo na ramani, hata watu waliomo huwaoni mpaka wakutokee, na meli yake haina chombo cha kutafutia njia, hiyo kazi si ilikuwa yangu? Nikarusha vipimo vyangu kila upande nikitafuta tundu jingine linaloelekea kule, nikijua kabisa kwamba linaweza kupatikana kesho au lisipatikane kabisa. Mzee Chilewa akauliza mbona kijana anatoka jasho na feni inazunguka. Nikasema pilipili.

"Kuna mtu amekuja," mzee akasema. Kweli, kwenye televisheni kulikuwa na meli moja nyembamba nyeusi. Na mzee, kwa kuwa maisha yake yote akipotea njia huwa anasimama na kuuliza, akaandika: HABARI ZA HUKU NDUGU. TUMEPOTEA KIDOGO, TUNAOMBA NJIA.

Ndugu hakujibu. Zikaja nyingine tatu.

Nikaruka kutoka kwenye kiti nikisema "mzee, zima, kimbia, zima," sijui hata nilimaanisha lipi, na nilivyoruka waya wa hedfoni ukachomoka kwenye kompyuta, sauti ya Frenk ikatoka sebule nzima: "Rajabu, nilikwambia mzito apite mwisho! Ulikuwa unajua tundu limechoka! Sasa umemuua mkweo kwa heshima zako!"

Hapo hapo meli ikalipuka. Maandishi mekundu yakajaa kwenye televisheni, na Mama Mwanaidi mwenyewe alikuwa ndiyo anaingia na sinia la chai.

"Mbona jina langu liko pale?" akauliza.

Mzee Chilewa akavaa miwani, akasoma taratibu, akamgeukia.

"Shemeji, wanasema umeteketea."

Mwanaidi alikuwa mlangoni nyuma ya mama yake. Alifunika uso kwa mtandio, na mpaka leo hataki kuniambia kama alikuwa analia au anacheka. Mzee Shabani aliweka mikono magotini, hakupandisha sauti.

"Rajabu. Uliliona limechoka?"

"Niliona, mzee."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya kukuambia wewe ni mzito."

Mzee Chilewa akaangua kicheko, akajizuia alipoona mwenzake hacheki.

"Mimi nimepakia malori maisha yangu yote," mzee akasema. "Nimeambiwa nimezidisha uzito na vijana wadogo kuliko wewe, mbele ya watu, na sikufa. Nikawashukuru, nikapunguza magunia. Sasa binti yangu nitamkabidhi vipi kwa mtu anayeniona naelekea shimoni akaniambia tangulia?"

Akasema jibu la barua litasubiri, ninywe chai nisichelewe basi. Ile chai sikumbuki hata kama ilikuwa na sukari. Mwanaidi alinisindikiza mpaka getini tu, akaniambia, "Ungesema, Rajabu. Baba anapenda mtu anayesema." Njia nzima mpaka Dodoma nilikuwa naisema ile sentensi peke yangu, natangulia mimi, wewe ni mzito, inatoka vizuri kabisa, wakati haina kazi tena.

Zikapita wiki kadhaa za kimya. Mshenga akaanza kuniuliza kwa upole kama kuna mahali pengine nimepaona. Halafu mzee akapiga simu: "Njoo Jumapili. Na hao wenzako wawepo."

Sebule ile ile, Mzee Chilewa yule yule, na mama akaleta chai mapema, akisema kabla hajateketea tena. Mzee alikuwa na meli mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Nikatafuta tundu, nikalipata, nikalisoma, na kwa bahati yangu nalo lilikuwa limechoka.

"Haya kiongozi. Nani anaanza?"

"Naanza mimi, mzee. Vijana wanafuata. Wewe ni mzito, utapita mwisho."

Mzee Chilewa alikohoa. Mama alisimamisha birika hewani.

"Nyuma ya Frenk?" mzee akauliza.

"Nyuma ya Frenk."

Akarudisha meli nyuma. Nikapita, Frenk akapita, na mwenzake. Mzee akabaki kule anabonyeza bonyeza, nikadhani anaangalia bei. Kisha akaja, limeli likatokeza taratibu, tundu likajifunga nyuma yake, na sote tulikuwa upande mmoja. Ndipo nikaona alichokuwa anabonyeza. Alikuwa amebadilisha jina la meli, na kwenye kioo changu lilisomeka: Mkwe Mzito.

Nililisoma mara ya pili. Nilipogeuka, mzee alikuwa anatazama televisheni yake tu, amenyoosha mkono apewe chai.

"Mwambie mshenga wako aje," akasema.

Humo angani simtangulizi mtu kwa heshima tena, awe mzee, awe nani, nauliza uzito kwanza. Lakini kwenye mlango wa sebule yake bado nasimama pembeni apite, nimeshindwa kuacha. Naye kila mara anasimama kwanza, ananitazama, na kuniuliza kama mlango nao umechoka.