Sahani Iliyotupwa Segaran

Mama mkwe alichukua sahani niliyotoka kulia, akaitupa ziwani.

Mbele ya watu!

Mimi ni Msunda, kabila la magharibi mwa kisiwa cha Java. Mume wangu, Wiratno, ni Mjava wa Trowulan, ulipokuwa mji mkuu wa ufalme wa kale wa Majapahit. Enzi hizo za wafalme wa Kihindu, binti mfalme wa Kisunda aliletwa huku kuolewa, ikaishia damu kumwagika. Mpaka leo wapo wanaoshikilia: Mjava na Msunda wasioane.

Mama mkwe, Mama Sarinten, alishikilia kuliko wote. Harusini hakuja. Nikajifungua Sekar, hata salamu hakutuma.

Kwa hiyo alipotuita ziwani Segaran, niliapa: leo asiponikubali, mwanangu hatamjua bibi yake. Nimechoka!

Tukakaa mkekani na ndugu zake Wiratno. Wali, samaki wadogo wa kukaanga, pilipili ya kusaga.

"Kula," mama mkwe akaniambia. Neno moja tu, basi.

"Ataiweza pilipili yetu huyu?" shangazi yake Wiratno akachokoza. "Kwao si wanatafuna majani mabichi kama mbuzi!"

Wakacheka. Nikameza pilipili na hasira pamoja. Machozi yakanitoka, ya kipi sijui.

Nilipomaliza tu, mama mkwe akaninyang'anya sahani. Ya kaure, maua ya buluu. Akasogea ukingoni.

Chubwi!

Damu ikanichemka. Nikambeba Sekar.

"Mama, kama nimekuchafulia chombo si ungesema! Baba Sekar, twende zetu!"

Wiratno hakunyanyuka. Mwanaume mzima analia!

"Imas, keti," akasema. "Kwenu hamsimuliwi haya. Wazee wa hapa wanasema mfalme akiandalia wageni wakubwa, sahani za dhahabu walizolia zilitupwa humu. Ufalme uonyeshe ukwasi wake, mgeni aone alivyothaminiwa."

Nikamgeukia mama mkwe.

"Dhahabu sina," akasema. "Hiyo nilipewa siku ya harusi yangu. Yule binti wa Kisunda hakupokelewa. Wewe nimekupokea, mwanangu."

Mwanangu!

Nikapiga magoti, nikambusu mkono.

"Haya, usizoee," akanifuta machozi. "Sahani hutupiwa mgeni. Wewe kuanzia leo ni wa nyumbani, vyombo utaosha na wenzio. Nipe mjukuu wangu."

Kina mama wenzangu, kabla hujabeba mtoto ukaondoka kwa hasira, uliza kwanza. Wapo watu ambao "nisamehe" haiwatoki mdomoni. Inawatoka mikononi.