Majilio ya Mtoto Asiyetajwa

Kwetu Kaloleni, mtaa wa Voi, kila mtu alijua mama ana mimba ya miezi minane, na kila mtu alijifanya hajui. Wanawake wa jumuiya wakikutana naye dukani walimwuliza, "Mgongo unaendeleaje?" Mama akajibu, "Unaendelea, tunamshukuru Mungu." Mgongo! Mgongo uliokuwa upande wa mbele, ukitangulia kuingia mlangoni.

Tulipofunga shule nikarudi nyumbani, baba alinisomea sheria hata kabla sijatua sanduku. Hakuna kununua kitu cha mtoto. Hakuna kumtaja mtoto. Hakuna kuuliza ni lini. "Na hakuna mzaha," akaongeza, kwa sababu msichana wake anamjua.

Sheria ilikuwa na sababu. Kati yangu na mimba hii wamepita wawili. Wa kwanza nikiwa darasa la tano, hakufika mbali. Wa pili nikiwa darasa la nane, na huyo tulimwandalia kama mgeni wa serikali: beseni, blanketi la manjano, kofia ndogo ambayo niliijaribu kwa paka. Alizaliwa kimya. Vitu vyote vikaingia kwenye gunia, gunia likapelekwa kwa kina mama wenye watoto wachanga kule Ronge, na mama akaamua kwamba akibeba tena, hakuna atakayemwona akitarajia. Hata Mungu.

Sasa weka Majilio juu ya hayo. Jumapili nne mfululizo katekista anasimama mbele kutuambia tujiandae, kuna mtoto anakuja. Mama ameketi benchi la tatu, mkoba umefunika tumbo, anaitikia amina. Mimi kando yake nimeuma leso ya mkononi ili nisicheke.

"Una nini wewe?"

"Vumbi, Mama."

Kusema kweli, Majilio sikuwahi kuyaelewa. Kwangu yalikuwa wiki nne za kunyimwa nyimbo za Krismasi kanisani wakati kila duka la Voi lishaanza kuzipiga, halafu pilau.

Wiki ya pili ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya. Hao ni majirani wa kanisa letu, kama kumi na watano hivi, wanaosali nyumba hadi nyumba na kunywa chai ya mwenye nyumba hadi tone la mwisho. Baba anafanya kazi kwenye shamba la mkonge, kwa hiyo alisuka kwa katani shada la Majilio, lile duara la kusimamishia mishumaa minne, maana matawi ya msonobari kutoka milimani hukauka kabla ya kufika kwetu. Lilipendeza, ingawa lilifanana na kata ya kubebea ndoo kichwani.

Kosa lilikuwa langu. Niliambiwa niweke mishumaa mahali salama, nikaiweka juu ya kabati. Yaani karibu kabisa na mabati, joto la Desemba, Voi. Niliposhusha boksi ilikuwa imelegea kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nikaiviringisha sakafuni mpaka ikanyooka kidogo, nikaipachika. Wa kwanza ukatii. Wa pili ulisimama dakika tatu, halafu ukaanza kuinama polepole kumwelekea Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa jumuiya ni mama mpana, mjane wa mtu wa reli, mwenye sauti ya kusimamisha treni. Alisogeza kiti. Mshumaa ukaendelea kumfuata.

"Huu mshumaa umetoka wapi?" akauliza.

"Umetoka kuungama," nikasema. "Hayo ni majuto."

Watu wakacheka, mama akanikata jicho.

Ikafika saa ya nia. Kila mmoja hutaja ombi lake kwa sauti, wengine wakaitikia pamoja, "Ee Bwana, utusikie." Tuliombea mvua. Tuliombea wanaongoja matokeo ya mtihani. Tuliombea ndovu waliovunja mashamba kule Makwasinyi warudi mbugani. Ndovu hao, nadhani, ndio viumbe walioombewa kuliko wote katika kaunti hii. Mimi, mdogo kuliko wote na wa mwisho kuomba, nilikuwa nimeshajipangia kuombea mshumaa upate nguvu za kusimama.

Nikafungua mdomo, nikamtazama mama. Alikuwa amepakata mto wa kiti kufunika tumbo. Mto ukaruka. Mtoto alikuwa ameupiga teke la haki, mto ukaruka mbele ya macho ya watu wote, na watu wazima kumi na watano wakainua vichwa kutazama mabati kana kwamba hawajawahi kuyaona.

Ombi la mshumaa likanipotea. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Tumwombee mtoto aliye tumboni mwa mama yangu, ambaye sote tunajifanya hayupo. Afike salama."

Hakuna aliyeitikia.

Nilishawahi kusimamishwa mbele ya gwaride la shule nzima kwa kuiga sauti ya naibu mwalimu mkuu, lakini ukimya ule ulikuwa wa daraja lingine. Mwishowe baba, peke yake, akasema, "Ee Bwana, utusikie." Mwenyekiti akafuata. Kisha wote. Mama aliweka mto kando, akainuka, akaenda jikoni, na nikamfuata kwa sababu kukaa kulikuwa kubaya zaidi.

Alikuwa anachuja chai ambayo ilikuwa imeshachujwa.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Wewe ulilia wiki moja ukarudi shule. Mimi maziwa yalikuja, mtoto hayupo. Ulijua hilo?"

Sikujua.

"Basi usinichezee."

"Sikuwa nacheza, Mama. Ndiyo mara ya kwanza mwaka huu."

Hakucheka. Tangu hapo akawa anazungumza nami kupitia baba. "Mwambie binti yako ugali unaungua." Baba, ambaye alikuwa amekaa baina yetu, akanigeukia kwa heshima zote: "Ugali unaungua."

Siku hizo sikuwa jasiri. Niliogopa kwamba likitokea la kutokea, ni mdomo wangu utakaokumbukwa. Jumamosi nikaenda kuungama. Nikamwambia padre nimemtaja mtoto. Akauliza dhambi yenyewe iko wapi. Nikamwambia nilitaraji yeye ndiye ataiona, ndiyo maana nimepanga foleni. Akanipa Salamu Maria tatu na kufua nguo za nyumba nzima.

Nikafua. Na nikiwa nimeinamia beseni la nguo, kitu kikanikaa sawa kichwani. Tumbo la yule mama wa Nazareti nalo lilionekana. Majirani waliliona, wakasema yao, na safari ikaendelea hivyo hivyo, mchana, barabarani. Kumbe hayo ndiyo tunayafanyia Majilio. Kungoja mahali watu wanakuona, na ukikosa, wakuone pia. Mama alikuwa akingoja akiwa amejificha, na sisi tulikuwa tumemwacha huko, tukaiita heshima. Hapo uoga ukanitoka. Nilijua nilichosema ni kweli, na kilikuwa kweli vyovyote itakavyokuwa.

Jumatatu Mwenyekiti alibisha hodi. Mkononi alishika leso ya kujitanda iliyofuliwa mpaka maua yake yakafifia.

"Dada," akamwambia mama, "hii sijanunua. Ndiyo niliyowapokelea wanangu wote watano walipozaliwa. Ni kuukuu. Sheria yako inakataza kununua, haijakataza kuukuu."

"Weka hapo," mama akasema, bila kuitazama.

Kesho yake akaja mwingine na kifulana kilichopauka. Jumatano zikaja soksi, moja ya samawati, moja ya kijani, na mwenye kuzileta akaapa kwamba ni jozi. Kila mmoja aliingia akitangaza mlangoni, "Sijanunua!" kama askari anayetaja neno la siri. Rundo likakua kwenye kiti, na mama akawa anakizunguka kiti kama kina mbwa.

Ninaandika haya wiki ya nne ya Majilio. Mtoto hajazaliwa. Daktari amesema siku yoyote, na mama, ambaye ameacha kubeba mkoba mapajani, amenitolea begi la safari na kuliweka kitandani.

"Panga," akasema. Alinisemesha mimi mwenyewe, si baba.

"Nipange vyote?"

"Vyote."

Nikaanza na leso, nikakunja vibaya, akanipokonya, akaikunja upya, akainusa kwanza.

"Mama, na kama..." Sentensi ikanishinda. Ni nadra.

"Kama nitalia, nitalia na hawa wote wakijua ninamlilia nani," akasema. "Safari ile nililia na wewe na baba yako tu. Leta soksi."

Nikaleta soksi. Aliziangalia rangi zake mbili, akaanza kutikisika, na nikadhani ni machozi mpaka nikasikia kicheko. Halafu akakaa kitandani ghafla, mkono ubavuni, maana bingwa wetu wa mateke alikuwa kazini tena. Mama akainamisha kichwa akatazama tumbo lake, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza nalo.

"Wewe nawe tulia. Dada yako anakupangia nguo."