Kitambaa Chekundu na Boti Namba Saba

Wasiwasi ulioninyima usingizi wiki nzima ulikuwa huu: je, ukurasa wangu wa mtandaoni wa boti za kwenda kisiwa cha Chisenga ungeandika "imejaa" kwenye boti ambayo haijajaa, na wanawake wa biashara warudi nyumbani na mizigo yao? Programu yangu ya JavaScript iliitafuta boti kwa nafasi yake katika orodha. Ya tatu ikiwa imejaa, kisha ya kwanza ikaondoka, ya nne inakuwa ya tatu na kubandikwa neno lisilo lake.

Asubuhi moja nilimsindikiza mama mdogo kwenye bandari ya ziwani ya Nchelenge. Magunia ya unga yalikuwa yamerundikwa, nikaanza kuyahesabu ili nilipate lake.

"Unahesabu ya nini, mutoto wa yunivasiti?" akanicheka. "Yangu iko na kitambaa nyekundu. Hata watu bakayageuza namna gani, ni yangu tu."

Kifua changu kililegea. Nikaketi juu ya gunia lake, nikafungua kompyuta na kuipa kila boti alama yake ya data-boti, kisha nikaandika: querySelector('[data-boti="7"]'), yaani itafute boti yenye alama ya saba, popote ilipo, iandikwe "imejaa". Nikaifuta boti ya kwanza kwenye orodha kwa majaribio. Neno "imejaa" likabaki kwenye namba saba. Nikauweka ukurasa hewani kabla mama mdogo hajapanda boti.