Wimbo wa Mama Mdogo

Nikiulizwa kazi yangu ninapokuja hapa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, husema naongoza opera, yaani michezo inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, na kwamba chuo kimoja huko Ulaya kimeniajiri nifundishe na kuandika habari za nyimbo. Watu huitikia kwa adabu. Siku hizi naona aibu hata kuimaliza sentensi hiyo.

Yote yalianzia kijijini Lubondja, kwa mdogo wake mama. Nilikuwa mwanafunzi, nimerudi kutoka Ulaya na kinasa sauti na maringo tele. Alikuwa uani akimenya karanga, akiimba kwa Kibembe, lugha ya kwetu, polepole, sauti ya chini. Kibembe changu kilishanitoka, kimebaki cha salamu na cha kuomba chakula. Kumuuliza anaimba nini kungekuwa kujiumbua. Basi nikawa natikisa kichwa kila alipopumua, kama mtu anayeelewa kila neno, mjinga mimi. Jioni nikaandika: wimbo wa kubembeleza mtoto.

Wimbo huo ulinifikisha mbali. Niliuweka kwenye kitabu, kitabu kikanipa uprofesa. Kisha nikautia kwenye opera ya kuchekesha, pale mjakazi anapomlaza bwana harusi aliyelewa. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Nilijiona fundi kwelikweli.

Mwaka jana nikamletea mama mdogo kitabu, na mchezo wenyewe kwenye kompyuta. Alishahamia Baraka kwa binti yake. Nisidanganye, nilifuata sifa. Majirani wawili wakaitwa, chai ikamiminwa, tukaanza kutazama. Mjakazi alipofungua kinywa, mama mdogo akaweka kikombe chini.

“Banacheka nini, papa?” akaniuliza, akiniita baba kama alivyozoea.

Nikasema wanamcheka mlevi.

“Lakini ile wimbo niliimbaka juu ya mutoto wangu wa kwanza. Tulikuwa tunamupeleka ku hopitali ya Nundu, akakufa mu mugongo yangu. Ni mimi njo nilitunga. Hukujua?”

Majirani walitazama sakafu. Kwenye kompyuta watu walikuwa bado wanacheka, nami sikukumbuka inazimwaje. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ningesema tu kwamba siku ile sikuelewa hata neno moja, mambo yangeishia hapo. Nikasema nilijua, ila Wazungu ndio hawakuelewa.

Akanihurumia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliwaambia majirani nisilaumiwe, bazungu bako vile, na kwamba mimi, mutoto wao, nimejikaza sana kufikisha wimbo kule. Kisha akakivuta kitabu na kukiweka mapajani.

“Na humu, uliandika ni ya nani?”

“Ni yako, mama.”

“Nionyeshe.”

Hajui kusoma. Nikafungua ukurasa. Chini ya wimbo kulikuwa na maneno mawili ya Kifaransa niliyoyaandika mwenyewe: mtunzi hajulikani. Nikaweka kidole hapo. Akapangusa mkono kwenye kitenge, akaligusa neno la kwanza taratibu, akasema hili basi ni jina lake. Nikaitikia. Akauliza jina la mutoto liko wapi.

Nikamwonyesha neno la pili.