Bomu Lisilochorwa Kabla ya Safari

Marehemu mume wangu, Koplo Wilfred Thackray, alikuwa fundi wa injini katika kiwanja cha ndege za kivita, Lincolnshire, Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliitunza ndege moja ya mabomu, aina ya Lancaster, mpaka vita vikaisha. Kila iliporudi kutoka kushambulia Ujerumani, alichora bomu dogo la njano ubavuni kuhesabu shambulio hilo, chini ya dirisha la rubani.

Jioni moja rubani mgeni, Luteni Pelham, alitaka bomu la safari hiyo lichorwe kabla hawajaruka, apige picha ya kumpelekea mama yake.

“Halichorwi kabla ya kurudi, afande.”

“Hiyo ni amri, Koplo.”

“Basi kanishtaki. Ndege hii yangu, wewe nakuazimisha tu. Na usiirudishe na mikwaruzo!”

Mafundi wenzake waliangua kicheko, ingawa Wilfred angeweza kuvuliwa cheo. Pelham akapanda amenuna.

Ukungu uliwarudisha kabla hawajavuka bahari, mabomu yote yakiwa bado tumboni mwa ndege. Pelham alishuka, akamwendea Wilfred moja kwa moja.

“Ungenitii, sasa hivi mama angekuwa na mwana mwongo.”

Mashtaka yakafia hapo. Ubavuni pa ndege ile hapakuwa na bomu hata moja la uongo, nami nalisema hilo bila kupepesa macho.