Taa Aliyoiona Wifi Peke Yake

Wifi yangu ni mkunga mstaafu, na mtaa mzima unamwita Bi Pumua. Jina hilo alilipata wodini, maana miaka yote ya kazi neno lake lilikuwa moja: "Pumua, mama, pumua." Alipostaafu hakuliacha huko. Muuza nyanya akipandisha bei, anaambiwa apumue. Mume wangu, ambaye ni kaka yake wa kuzaliwa, akifura kwa hasira mezani, anaambiwa apumue, na mwanaume anapumua kweli. Mimi nilipoolewa nilimwona mtu wa kujifanya, nikamnunia weee mpaka nikachoka mwenyewe. Leo hii akikohoa chumbani kwake, mimi ndiye wa kwanza kuuliza kulikoni.

Ana gari. Zamani lilikuwa la bluu. Sasa rangi yake ni ya kubishania. Analiita Mwenzangu. Kila asubuhi anafungua mlango wa dereva kwa kuuinua kidogo, maana bila hivyo haufunguki, anaweka sawa kilemba chake kwenye kioo, anawasha, anatega sikio, halafu anatangaza: "Mwenzangu kaamka vizuri leo." Barabarani hapigi honi kwa hasira, anapiga kwa salamu, kwa sababu nusu ya watu wa mji huu wamepita mikononi mwake. Siku moja askari wa barabarani alitusimamisha, wifi akanigeukia bila hata kushusha sauti: "Huyu alitanguliza miguu. Alitusumbua huyu!" Askari akatabasamu kwa aibu, akatupisha.

Mimi ni fundi cherehani. Kila Alhamisi wifi ananisaidia kupeleka nguo kwa wateja, naye hataki hata ahsante, anachotaka ni safari. Kiti cha mbele tunaweka viatu na mikoba, mimi nakaa nyuma, upande wa kushoto, magauni yaliyopigwa pasi yakiwa yamelala mapajani kama watoto. Mwili ninao, sijifichi. Nikiingia, Mwenzangu anaguna.

Ilikuwa katika safari hizo wifi alipoanza kulalamika. "Wifi, taa ya breki inawaka! Njoo uone!" Nione vipi? Mbele yangu kuna mgongo wake na kilemba chake, na nikiinama nimekunja kazi ya wiki nzima. Basi anaegesha, mimi naweka magauni pembeni taratibu, nashuka, nazunguka hadi dirishani kwake, natazama dashibodi. Giza tupu. Taa imezima. Siku moja nilijibana katikati ya viti viwili niione gari likiwa mwendoni, na hapohapo, wifi akasema, imezima.

Tukaenda kwa mafundi. Wa kwanza aliambiwa, "Taa ya breki inawaka." Akamwambia akanyage breki, akazunguka nyuma, akarudi na uso wa mtu aliyeletewa mzaha.

"Mama, taa za breki zinawaka vizuri kabisa."

"Si ndiyo nimekwambia, inawaka!"

"Sasa ulitaka isiwake?"

"Ndiyo, sitaki iwake!"

"Mama, isipowaka, wa nyuma yako atakugonga."

Walibishana hivyo, yeye akisema taa za nyuma, wifi akisema kitaa cha onyo cha pale mbele ya usukani, na wote wawili wakiita jina lilelile, mpaka fundi akachoka akabadilisha balbu ambazo hazikuwa na kosa lolote. Wa pili alielewa, lakini alikesha na dashibodi isiyosema kitu. Wa tatu aliendesha gari kutwa nzima, akalirudisha akisema ni zima kabisa, akaongeza kwa upole, "Labda mama apime macho." Damu ilinichemka, nikamtolea uvivu palepale.

Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Mwana wa wifi ni kinyozi, kijana mwenye roho laini mpaka wateja wake husinzia kitini. Alilisikia akaogopa. Hakumgombeza mama yake, alichukua tu ufunguo wa gari akautundika kwenye kibanda chake, katikati ya mashine za kunyolea, na akatafuta mnunuzi. Nilipomfuata nimshambulie, akanikatiza.

"Mkaza mjomba, unamkumbuka bibi?"

Bibi yake ndiye mama mkwe wangu, mama wa wifi. Miaka yake ya mwisho alikuwa anakaribisha wageni ambao hawapo, anawavutia viti, anawaambia wajisikie nyumbani. Wifi ndiye aliyemuuguza, na mara nyingine, kwa kumwonea huruma, aliwamiminia wale wageni chai.

"Nikimwacha aendeshe, siku moja ataona barabara ambayo haipo," kijana alisema, na macho yalikuwa yamemwiva. Tulikubaliana jambo moja tu: Jumamosi gari lipelekwe kwa fundi mmoja zaidi, yule wa gereji ya kona, anayeitwa Taratibu. Mnunuzi aje hukohuko. Fundi akiiona taa, gari linabaki. Asipoiona, linauzwa.

Jumamosi asubuhi nilimkuta wifi amekaa kitandani na viatu miguuni, hainuki.

"Pumua," nikamwambia, nikidhani nitamchekesha.

Akanitazama. "Wifi, gari wachukue. Kinachoniuma si gari. Mama naye alianza hivihivi. Alianza na kitu kimoja kidogo, akituambia tazameni, na sisi tukitazama hatuoni." Akapangusa magoti yake ambayo hayakuwa na vumbi. "Nyinyi wote hamuioni. Mimi naiona. Sasa mwenye kosa nani?"

Nikamshika mkono tukaenda.

Taratibu ni mtu mrefu, anatembea kama anayepima sakafu. Alisikiliza yote, akasema ataanza na sensa. Nikadhani anataka kutuhesabu. Kumbe sensa ni kidude kilichopachikwa kwenye breki za magurudumu, chenye waya wake. Breki zikilika, kinapeleka habari kwenye dashibodi na taa inawaka. Wakati mwingine breki ni nzima ila habari inayopelekwa ni ya uongo. "Huyo ni mbeya," nikasema. "Ndiyo, mama, ni mbeya," akakubali.

Aliliinua gari kwa jeki, akafungua gurudumu moja baada ya jingine. Breki bado nene. Akatikisa waya zote, akayarudisha magurudumu, akayazungusha yakining'inia hewani, huku wifi amekaa kwenye benchi na mkoba wake umekumbatiwa. Taa haikuwaka. Kinyozi alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mkono begani mwake. Mnunuzi, bwana mmoja mwenye haraka zake, alishaanza kulizunguka gari na kupiga teke matairi.

"Sioni kitu," Taratibu akasema, na alisema kwa masikitiko ya kweli. Wifi akatikisa kichwa kukubali, na kule kukubali kwake ndiko kulikonichoma.

Nikalitazama lile gari lilivyoning'inia, miguu yote inabembea, na kitu kikanijia kichwani. Gauni likiwa kwenye hanga halina kosa. Mteja akilivaa akasimama mbele ya kioo, bado halina kosa. Mwambie akae, ndipo mshono wa kiuno unapokwambia ukweli. Ndiyo maana kwangu hatoki mtu na nguo kabla hajakaa.

"Fundi," nikasema, "umelitundika kwenye hanga. Lishushe ulivalishe mtu."

"Mtu gani?"

"Wifi, taa inawaka ukiwa na nani?"

Akafikiri. "Na wewe."

"Na ukiwa peke yako?"

Akafikiri zaidi. Kichwa kikainuka. "Haijawahi!"

"Kwa hiyo mkosi ni mimi," nikasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile wifi alicheka.

Taratibu alishusha gari, akasema ngoja atafute mifuko ya mchanga. Mifuko ya nini na mimi nipo? Niliingia pale pangu, nyuma kushoto. Mwenzangu akaguna. Wifi akakaa nyuma ya usukani, mwanawe akampa ufunguo, akawasha. Taratibu akachuchumaa na tochi kwenye gurudumu lililokuwa chini yangu.

Dashibodi haikusema kitu.

"Jirushe kidogo, mama," fundi akaniambia, "kama barabara ya mashimo."

Hapo nikaweka heshima pembeni. Nikajirusha. Nikajirusha tena, gari likashuka na kupanda, mnunuzi akarudi nyuma kunusuru vidole vyake, na wifi akapiga yowe kubwa kuliko mayowe yote aliyowahi kuyapokea wodini.

"Hiyo! Hiyo hapo! Imewaka!"

"Usiondoke hapo!" Taratibu akanipigia kelele kutoka chini. "Tulia hivyohivyo! Nimeuona!" Akaeleza huku ameingiza mkono nyuma ya gurudumu. Aliyewahi kubadilisha shokapu hakurudisha kishikizo cha waya wa sensa. Gari likiwa tupu, waya umelegea na habari zinapita. Mwenye uzito wake akikaa pale nyuma na gari likashuka, waya unavutika, na ndani una uzi mmoja uliokatika unaoachana na mwenzake. Mwenye uzito akishuka kwenda kuchungulia dirishani, nyuzi zinashikana tena na taa inazima. "Yaani shahidi mwenyewe ndiye aliyekuwa anaizima," akasema.

Wifi hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameiwekea kidole ile taa, nyekundu, ndogo kama kifungo cha shati.

"Wewe fundi, njoo. Unaiona?"

Taratibu akainuka, akachungulia. "Naiona, mama. Imewaka kabisa."

"Na wewe bwana?"

"Naiona," akasema mnunuzi, "na gari silitaki tena."

Nikasogeza shingo, kiwiliwili kikibaki palepale, nikapenyeza jicho kando ya kilemba. "Wifi, naiona! Kumbe ni nyekundu! Lisemwalo lipo!"

Akabaki mmoja. Kinyozi aliingiza kichwa chake dirishani, akaitazama taa, akamtazama mama yake, akairudia taa. Kidevu kilimcheza. "Naiona, mama," akasema. "Iko hapo. Naiona."

Wifi alijiziba mdomo. Mabega yalimtikisika, nikadhani ni kicheko, mpaka nilipomwona kwenye kioo. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na mwanawe amemkumbatia kichwa kupitia dirishani, kilemba kimekwenda upande, na hakuna aliyekirekebisha. Mimi huku nyuma nilikuwa nalia kwa sauti yangu yote, sioni aibu kusema.

Taratibu alisubiri kiasi cha adabu, kisha akakohoa. "Haya, mama zangu. Huo waya nauunga sasa hivi, naweka na kishikizo. Mshuke, taa tuizime."

"Hapana, fundi," wifi akasema. "Usiizime kwanza. Niacheni niitazame."

Nami nilikuwa nimekwisha kushika kitasa cha mlango.

"Na wewe, wifi, usithubutu kushuka!"

Nikakaa.